Kumtetea Ichiro

Katika hadithi za picha zilizotoka Ujapani ipo moja ambayo, kila niisomapo, hunifunga ulimi siku nzima. Nayo ni Sekishoku Elegy, yaani maombolezo ya rangi nyekundu, aliyoichora Hayashi Seiichi na kuitoa kidogo kidogo katika jarida la Garo tangu mwaka 1970 hata 1971. Si ndefu, na nafasi kubwa katika kurasa zake imeachwa tupu, nyeupe ama nyeusi.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Ichiro na Sachiko ni vijana wasiooana, wanaokaa chumba kimoja, na riziki yao ni kuchora picha za sinema za katuni, kazi aliyoijua vyema Hayashi mwenyewe, kwani naye alipata kuifanya katika kampuni ya Toei. Ichiro anaiacha kazi hiyo ili atunge hadithi zake, babaye anafariki, anazoea ulevi, na Sachiko, ambaye jamaa zake wanamtafutia mume, anangoja neno moja kutoka kwake asilipate, hata mahaba yao yakavunjika.

Wako wasomaji wanaomhukumu Ichiro kuwa ni mvivu, mlevi na mwenye kujipenda, asiyestahili machozi ya mtu. Lawama hizo ni za haki, wala sina udhuru wa kumtafutia. Lakini hebu tufikiri: lau Ichiro angalikuwa dhalimu, Sachiko angalimwacha mapema, nasi tukafurahi kwa wokovu wake, na lau angalikuwa mwema aliyetimia, angalipeleka posa, ikawa harusi. Msiba wao umetokana na hulka yake ya katikati, ya mtu ambaye huba anayo na ujasiri hana, na ambaye taksiri yake kubwa si tendo alilolitenda, bali ni kimya.

Na kimya hicho Hayashi hakukieleza, amekichora. Mara nyuso za wapenzi hawa hukosa macho na mdomo. Mara mazungumzo hukatika, na fremu ifuatayo haina lolote ila giza. Anayelalamika kwamba hadithi ni fupi mno na haielezi sababu, nadhani anaomba kupewa kile ambacho Sachiko mwenyewe alinyimwa. Vijana wa Ujapani wa zama zile walijitambua humo, na mwaka 1972 mwimbaji Agata Morio akaitungia wimbo uliopata umaarufu mkubwa.

Mimi nimekwisha kujua mwisho wake, ila nifikapo pale Sachiko anapomtajia habari za kuozwa, hupunguza mwendo, nikaitazama picha moja moja kwa makini, nikitaraji kwamba safari hii Ichiro atafumbua kinywa amzuie.