Tembo na Mifupa Yake: Damu Yaweza Kutueleza Nini?

Mwezi huu tumtazame tembo, mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Tembo jike wa Asia huweza kufikia uzito wa kilo 2,700 hivi, na mzigo huo wote hubebwa na miguu minne.

Tembo wa porini hutembea kutwa akitafuta malisho. Lakini anayefugwa katika bustani za wanyama za Ulaya na Marekani, au katika kambi za watalii nchini Thailand, aweza kusimama mahali pamoja kwa saa nyingi, pengine juu ya saruji. Ndiyo maana tembo hao husumbuliwa sana na magonjwa ya miguu na viungo.

Je, mganga atajuaje hali ya mifupa yao? Eksirei haipenyi vizuri mwili mnene namna ile. Basi tembo hufundishwa kusimama kwa utulivu, na damu huchukuliwa kwenye mshipa ulio nyuma ya sikio.

Mfupa si jiwe, una uhai. Ndani yake zimo chembe zinazojenga na chembe zinazobomoa. Zinazojenga hutoa protini iitwayo ostiokalsini, na sehemu yake huingia katika damu. Mfupa unapobomolewa, vipande vya protini nyingine, kolajeni, navyo huingia katika damu. Wataalamu hupima vyote viwili, wakaona kama ubomoaji unashinda ujenzi.

Kupima kalsiamu peke yake kwaweza kutudanganya. Karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili iko katika mifupa na meno. Ikipungua katika damu, tezi ndogo za shingoni hutoa homoni inayoichota kutoka mifupani. Damu huonekana nzima, kumbe ghala linamalizika! Kwa hiyo homoni hiyo na vitamini D hupimwa pia. Tena kipimo kimoja hakitoshi, kwa sababu mtoto anayekua huwa na viwango vya juu kuliko mzee. Ni vema mnyama yule yule apimwe mara kwa mara.

Faida yake ni kuokoa uhai. Tembo hubeba mimba miezi 22 hivi, na ndama huzaliwa na kilo 100 hivi. Misuli ya kizazi huhitaji kalsiamu ili isukume. Ikipungua wakati wa kuzaa, uchungu huweza kukatika, na mama na mtoto wakafa. Akipimwa mapema, chakula chake hurekebishwa kungali na nafasi.

Nasi wanadamu tuna ghala hilo hilo. Mama mjamzito na anayenyonyesha wale dagaa pamoja na mifupa yake, maziwa na mboga za majani, kadiri nyumba inavyoweza. Mtoto mchanga asifunikwe ndani siku nzima, bali apate jua la asubuhi, kwa maana ngozi hutengeneza vitamini D kwa mwanga wa jua. Mkiona miguu ya mtoto inapinda, au utosi unachelewa kufunga, msingoje wala msinunue vidonge kwa kubahatisha. Mleteni kliniki mapema. Matege yakigunduliwa mtoto akiwa bado mdogo, mara nyingi hutibika.