Pazia Nyuma ya Mtu

Wengi wakitazama picha ya zamani ya studio huanza na uso, wakashuka kwenye nguo, wakaishia kwenye viatu na saa ya mkononi. Mimi huanzia nyuma. Nyuma ya bibi harusi wa Mombasa, nyuma ya vijana wawili wenye suruali za bugaluu, nyuma ya mtoto aliyekalishwa juu ya stuli akiwa amekunja uso, kuna kitambaa kilichochorwa kwa mkono: bahari na minazi, ngazi zinazopanda kwenye jumba la kifahari, ndege iliyotua, bustani ya maua yasiyoota katika nchi hizi. Wapiga picha hukiita pazia, wengine mandhari. Ni kazi ya mtu, tena kazi ngumu, na ndiyo sehemu ya picha iliyopotea kuliko zote. Nyuso tunazo ndani ya albamu. Mapazia yenyewe mengi yameshakuwa matambara.

Studio zilifika pwani mapema. Karne ya 19 ilipokuwa inamalizika, Zanzibar tayari ilikuwa na wapiga picha wa Kigoa kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930. Katika miaka ya 1940 N. V. Parekh alikuwa na studio yake Mombasa, ambako maharusi, marafiki wa kike na wapenzi walipigwa picha kwa mapozi waliyoyaona sinema. Baadaye, Lamu, Omar Said Bakor aliunganisha picha kadhaa kuwa moja kwa mkono, zamani kabla ya kompyuta kuirahisisha kazi hiyo. Majina haya yameingia vitabuni na kazi zao zimeonyeshwa mbali na nyumbani. Jina la aliyechora pazia ni nadra kulipata, kwa sababu mara nyingi alikuwa fundi wa mabango: yuleyule aliyeandika ubao wa kinyozi, akachora kikombe cha chai chenye moshi ukutani mwa hoteli, akapamba ubavu wa lori. Alilipwa kwa kazi, akakunja brashi zake, akaenda.

Tuanze na nguo yenyewe. Pazia zuri huhitaji kitambaa cha pamba kisichokuwa na mng'ao, kama merikani, na kwa kuwa upana wa jora hautoshi, vipande hushonwa pamoja. Hapo fundi cherehani anaingia kazini kabla ya mchoraji. Mshono ukisimama wima huonekana pichani kama kovu, kwa hiyo ni heri ulale, upite mahali ambapo mchoro una mstari wake, tuseme ukingo wa maji au wa ukuta. Kisha kitambaa huvutwa kwenye fremu na kushibishwa gundi nyepesi au wanga. Pamba isiyoshibishwa hunywa rangi kama ardhi kavu inavyokunywa mvua ya kwanza, na mstari unaochorwa juu yake hutawanyika. Gundi ikizidi nayo ni balaa: kitambaa kinakuwa kigumu, na siku ya kukikunja rangi inapasuka.

Rangi nayo ina siri yake. Mwaka 1968, Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kung'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao wa dari. Mng'ao ule ndio uliozipa picha zake uhai, na wanafunzi wake waliuendeleza baada ya kifo chake mwaka 1972. Mbele ya kamera mng'ao huohuo ni adui. Taa ikipiga kwenye rangi ya kung'aa hurudi moja kwa moja kwenye lenzi, na mahali palipochorwa anga pakatokea doa jeupe. Ndiyo maana anayejua kazi ya studio huchagua rangi ya maji iliyofifia, hata kama macho ya mteja yanavutiwa na ile inayometa. Fundi wa mabango aliyezoea kuchora ukuta wa duka ilimbidi ajifunze upya: bango linataka kuonekana, pazia linataka kukaa nyuma.

Enzi za picha nyeusi na nyeupe alikuwa na mtihani mwingine mkubwa zaidi. Filamu za kale hazikuona rangi kama jicho linavyoona. Zile za aina ya orthokromatiki hazikuona nyekundu kabisa, hivyo waridi jekundu lilitoka jeusi tii, na anga ya bluu iliyochorwa kwa bidii ikatoka nyeupe kama karatasi. Filamu zilizokuja baadaye zilizirekebisha kasoro hizo kwa kiasi kikubwa, lakini hata nazo nyekundu na kijani, ambazo machoni ni mbali kama mashariki na magharibi, zingeweza kutoka kijivu kimoja. Kwa hiyo mchoraji hodari alipima rangi zake kwa uzito wa mwanga na giza. Wako waliochora pazia zima kwa kijivu, nyeusi na nyeupe tu. Ukiliona pazia la namna hiyo mchana kweupe utadhani limepauka kwa uzee, kumbe lilizaliwa hivyo, na picha ikishasafishwa ndipo bahari yake inapofunguka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nalipenda kuliko yote, nalo ni upeo wa macho. Simama ufukweni. Mstari ambapo bahari inakutana na mbingu uko sawasawa na urefu wa macho yako. Ukichuchumaa unashuka nawe, ukipanda ghorofani unapanda nawe. Lenzi nayo hufuata kanuni hiyohiyo. Kama imesimamishwa sentimita 120 kutoka sakafuni, basi upeo wa bahari iliyochorwa lazima upite sentimita 120 kutoka sakafuni. Ukichorwa juu zaidi, mtu anaonekana kama anateleza kuingia majini. Ukichorwa chini sana, anakuwa jitu linaloelea. Watu wengi hawawezi kusema kasoro iko wapi, lakini wanaihisi.

Taabu ni kwamba studio moja hupokea watu wa kila kimo. Asubuhi anakuja mtoto, kamera inashushwa. Adhuhuri wanakuja wazee watano waliosimama, kamera inapandishwa. Pazia ni lilelile. Mafundi walitafuta njia ya kulitatua tatizo hilo, na njia yao naiona ya akili nyingi: waliuficha upeo. Walipanda milima mbele yake, wakasimamisha minazi, wakashusha mawingu, wakaweka ukingo wa roshani wenye nguzo fupi fupi. Yale tunayoyaona kama mapambo yaliyozidi, mara nyingi yalikuwa jibu la hesabu. Ngazi ni ngumu zaidi, maana mistari yake yote inaelekea kwenye nukta moja iliyo katika upeo uleule, na kamera ikihama ngazi zinapinda. Ndiyo sababu ngazi za studio hupenda kuchorwa pembeni, nusu yake ikizibwa na bega la mtu.

Mbele ya pazia kuna kazi nyingine za mikono ambazo watafiti wa picha huzipita haraka. Kuna mkeka au zulia linalofunika pale kitambaa kinapokutana na sakafu. Kuna meza ndogo, na juu yake kitambaa cha kufuma kwa uzi mweupe, kazi ya mwanamke fulani aliyoifanya jioni baada ya jioni. Kuna kofia ya viua kichwani mwa mzee, iliyotobolewa na kushonwa kijishimo kwa kijishimo. Mpiga picha akizidisha mwanga, weupe wote huo unaungana na hakuna tundu hata moja litakaloonekana. Akipunguza, sura ya mwenye kofia inazama gizani. Kuipiga kofia ile vidole vya aliyeishona vikaonekana, na uso ulio chini yake usipotee, ni mtihani ambao ningempa mwanafunzi yeyote wa picha kabla ya kumfundisha kitu kingine.

Kanuni nyingine ni umbali. Mtu asogee mbele ya pazia kama mita moja na nusu au mbili, ili kivuli chake kiangukie sakafuni na mistari ya brashi ilegee kidogo isishindane na uso. Hiyo ndiyo kanuni ya darasani. Kwenye vibanda vya wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, vilivyovuma katika miaka ya 1990, nafasi hiyo haikuwapo. Mteja alisimama karibu kugusa kitambaa, na nyuma yake meli kubwa, ndege, majumba marefu ya miji ya mbali, vyote kwa rangi kali za zama za filamu ya rangi. Kivuli cha kichwa kinatua juu ya mawingu. Mtu anaweza kukiita kosa. Mimi nazipenda picha hizo kuliko nyingi zilizopigwa kwa kufuata sheria, kwa sababu hakuna aliyekuwa anadanganywa. Wengi walikuwa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi, na picha ilikuwa inakwenda kwao kwa posta. Kivuko halisi kilipita hatua chache kutoka hapo, kikienda ng'ambo na kurudi. Meli iliyochorwa ilikuwa na safari ndefu zaidi, na mchoraji alijua mteja anataka kusimama mbele ya ipi.

Kwa nini tujali yalikokwenda mapazia? Sababu ya kwanza ni ya kiutafiti. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alianza na shuka la kitanda chake kama pazia, akawa analibadilisha kila baada ya miaka michache. Miongo kadhaa baadaye mapazia hayo ndiyo yaliyomsaidia kukumbuka picha ipi ni ya miaka ipi. Picha zetu za pwani zisizo na tarehe nyuma zingeweza kupangwa kwa njia hiyohiyo. Sababu ya pili ni haki ya mchoraji. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu wa Katanga alichora historia ya nchi yake picha baada ya picha, akaieleza kwa Kiswahili cha kule, na kazi yake inasomwa hadi leo kwa sababu mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliinunua, akaitunza na kuichapisha. Naamini wachoraji wa mapazia walikuwamo wenye kipaji cha kiasi hicho. Hakuna aliyewanunulia kitu, maana walichokichora kilihesabiwa kuwa chombo cha kazi, sawa na stuli.

Siku hizi pazia limehamia mtaani. Vijana wanapaka kuta za Nairobi na Dar es Salaam, na wapita njia wanasimama mbele yake na simu. Wachoraji hao hawafikirii kila mara kwamba ukuta wao ni studio, ingawa ndivyo unavyotumiwa. Kanuni ya upeo inawahusu pia: simu hushikwa usawa wa macho, kwa hiyo bahari ya ukutani ipite karibu mita moja na nusu kutoka pale watu wanaposimama. Lenzi ya simu ni pana na huvuta vitu vya pembeni, basi kilicho muhimu kisiwekwe ukingoni. Na ukuta unaotazama mashariki upakwe rangi isiyong'aa, kwani jua la asubuhi litaupiga usoni.

Kwa mwenye studio ya zamani, au mjukuu aliyerithi chumba chenye kitambaa kilichosahauliwa pembeni, naomba pazia hilo lisikunjwe. Mkunjo huvunja rangi na ufa wake haufutiki. Tafuta bomba nene la plastiki, lifunike kwa shuka safi la pamba, kisha viringisha pazia upande uliochorwa ukiwa nje, maana rangi huvumilia kunyooshwa kidogo kuliko kubanwa. Liinue kutoka sakafuni, mbali na ukuta wenye unyevu, na ulifungue mara kwa mara kuangalia ukungu na panya. Kabla ya kuliviringisha lipige picha mbele na nyuma. Nyuma yake, kwenye kona, andika jina la studio, mji, miaka lililotumika, na jina la aliyelichora kama bado yupo anayelijua. Tumia penseli, kwa kuwa wino hupenya kitambaa na kutokea upande wa picha.