Utumbo nao unataka nguvu

Sisi wachimbaji wa Katindo tunajua: shimo linabomoka mahali miti ya kushikilia imechoka. Utumbo nao ni vile.

Utando wa ndani wa utumbo mpana una safu moja tu ya seli zilizoshikana, na kushikana kunakula nguvu. Nguvu nyingi inatoka kwa butireti, ambayo mikrobe za tumboni zinatengeneza na nyuzi za maharagi na mboga. Mwaka 1980, munganga Roediger aliandika kwamba, katika kolitisi ya vidonda, seli hizo zinashindwa kuchoma butireti vizuri. Seli zikikosa nguvu zinaachana, mikrobe zinapenya, kinga ya mwili inapigana, vidonda vinaongezeka.

Diklofenaki na ibuprofeni, zile tunameza juu ya mugongo, nazo zinapunguza nguvu ya seli za utumbo na zinaweza kuamsha ugonjwa huo.

Ndugu, ukiharisha damu usikimbilie vidonge. Inaweza kuwa amiba ao shigela: pimisha choo kwanza. Isipoonekana kitu na damu inaendelea, munganga achunguze utumbo wenyewe, na umwambie dawa zote unazomeza. Na sisi tudai magunia mepesi, mugongo usitulazimishe kumeza kila siku.