Fahamu: Kwa nini New Mexico ilipiga marufuku mitego kwenye ardhi ya umma

Novemba 2018, mbwa aitwaye Roxy alinaswa na kitanzi cha waya karibu na Ziwa la Santa Cruz, jimbo la New Mexico, Marekani. Akanyongwa huku mwenye mbwa akihangaika kumnasua. Aprili 2021, Gavana Michelle Lujan Grisham alitia saini sheria inayojulikana kwa jina la mbwa huyo, nayo ikaanza kutumika Aprili 2022.

Sheria inakataza mitego, vitanzi na sumu za kuua wanyamapori kwenye ardhi ya umma. Mashamba ya watu binafsi haiyagusi, na imeacha nafasi kwa utafiti na kwa usalama wa watu.

Wafugaji walipinga, wakisema mbwa mwitu wadogo wa huko, koyote, hula kondoo na ndama. Hoja yao ina uzito. Lakini mtego hauchagui, na chambo chake kimewekwa makusudi kivute pua. Ndiyo maana kanuni ya majimbo mengine, kutega mbali kidogo na njia za watembeaji, naiona haitoshi: mbwa aliyeachiwa hufuata harufu, hafuati njia.

Anayetembea na mbwa palipo na mitego amfunge kamba fupi na abebe koleo la kukatia waya. Kitanzi hukaza kadiri mnyama anavyovuta, kwa hiyo mtulize kwanza. Mtego wa kubana mguu hufunguka ukikandamiza springi zote mbili kwa pamoja. Ule wa kubana shingo huua kwa dakika chache.