Theluji Yashuhudia Gesi za Friji

Pengine mtashangaa kuona habari za theluji katika gazeti la shule ya West Nile, mahali ambapo barafu twaijua katika soda tu. Lakini gesi itokayo Arua au Koboko haikai huku. Huenea duniani kote, na alama yake huonekana hata kwenye ncha za dunia.

Mtu aweza kuuliza: Twajuaje kwamba gesi za friji zimeletwa na wanadamu, wala hazikuwako tangu zamani? Jibu limo katika theluji. Huko Greenland na Antaktika theluji ya mwaka huu hulala juu ya ile ya mwaka jana, mfano wa magunia ghalani: lililotangulia kuwekwa liko chini. Uzito huikandamiza, na hewa iliyo kati ya chembe zake hubaki humo. Kwetu Uganda barafu iko Rwenzori, lakini hiyo huyeyuka, na maji yapitayo ndani yake huharibu kumbukumbu ya hewa. Ndiyo sababu wataalamu huenda mbali.

Hao hutoboa shimo, hushusha mpira, kisha huvuta hewa ya kila kina. Mwaka 1999 James Butler na wenzake walitangaza waliyoyaona. Katika hewa ya juu mlikuwa na gesi ziitwazo CFC. Kadiri walivyoshuka zikapungua, hata katika hewa ya mwanzo wa karne ya 20 zikawa karibu hakuna. Jambo hilo lapatana na historia, kwani CFC zilianza kutumiwa katika friji miaka ya 1930.

Gesi hizo huharibu ozoni, na tena hushika joto. Kwa Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987 mataifa yalianza kuziacha. Mahali pake zikaja HFC. Hizi haziharibu ozoni, lakini kilo moja ya HFC-134a, inayotumiwa katika friji nyingi, hushika joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya kaboni dioksaidi, kwa hesabu ya miaka 100. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, jirani zetu, yakaafikiana kuzipunguza.

Basi, kazi iliyobaki ni ya mafundi na wenye maduka, na wengi wetu tutakuwa hao. Ndugu zetu wa zamani wengine ndio hao tayari. Fundi stadi haiachilii gesi ya friji mbovu iende hewani, bali huivuta kwa mashine na kuitia katika mtungi. Lakini mashine ni ghali, na mteja hapendi kuongeza hata shilingi. Hapo ndipo penye ugumu. Kwa hiyo umpelekeapo fundi friji yako, muulize kwanza gesi ataiweka wapi. Na akidai ujira wa kazi hiyo, usimnung'unikie.