Tundu Unalotoboa Linaelekea Kwenye Jino

Swali ni lile lile, na wiki hii nimeulizwa tena na mzazi aliyemleta mwanawe kliniki hapa Voi: "Daktari, hii kinga ya meno tuitoboe matundu mangapi ndiyo kijana apumue?" Kijana mwenyewe, mchezaji wa raga wa kidato cha tatu, alikuwa ameshaitoboa. Akaitoa mfukoni: matundu manne upande wa mbele, yamechomwa kwa msumari wa moto, kingo zake ngumu na kali, na mdomo wake wa juu umechubuka kwa ndani.

Jibu ni sifuri. Vaa kinga hiyo usimame mbele ya kioo. Nyuma ya kila tundu kuna nini? Jino. Hewa haipiti kwenye jino. Hewa ya mdomoni hupita kati ya meno ya juu na ya chini, juu ya ulimi, hadi kooni, na njia hiyo haizibwi na kinga inayovaliwa meno ya juu. Tundu halikuongezei pumzi hata kidogo. Linadhoofisha mpira pale pale ambapo kiwiko cha mwenzako kitatua.

"Lakini daktari, mbona nikiivaa natweta?" Nakuamini. Kinachokubana ni taya lako. Kinga iliyolegea haikai, kwa hiyo unaiuma muda wote isidondoke, na aliyeuma meno hawezi kuhema sawasawa. Mtu aliyetulia huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Anayekimbia kwa nguvu zake zote anaweza kupita lita 100. Pua peke yake haiuwezi mzigo huo, lazima mdomo ufunguke. Wanamichezo wamepimwa wakikimbia na kinga mdomoni: iliyotengenezwa kwa umbo la meno ya mvaaji haipunguzi kwa kiasi cha maana oksijeni ambayo mwili unatumia, hata pale mwenyewe anaposema anabanwa. Nene zilizolegea ndizo huweza kupunguza hewa, hasa mwili unapokaribia kikomo.

Wengine hukata sehemu ya magego ibaki ya mbele tu. Hilo ni baya zaidi ya matundu. Magego ndiyo yanayoishikilia; ukiyaacha wazi, umebaki na kipande kidogo kinachoweza kuingia kwenye koo la mtu anayehema kwa nguvu. Nawasihi, acheni.

New Zealand ilikamilisha kuwalazimisha wachezaji wake wa raga kuvaa kinga mwaka 1998. Kufikia 2003 madai ya fidia ya meno yaliyotokana na mchezo huo yalikuwa yamepungua kwa asilimia 43, na raga yao haikukosa pumzi.

Sasa ufanye nini? Ukiweza, itengenezwe na daktari wa meno kwa kipimo chako. Huwezi, nunua ile ya kulainisha kwa maji ya moto, fuata maelekezo ya pakiti, iume taratibu huku ukiikandamiza kwa vidole na kuifyonza ishike meno, ikilegea, rudia. Ikikutapisha, punguza ukingo wa nyuma kidogo tu. Ivae mazoezini wiki mbili kabla ya mechi. Ioshe kwa maji baridi, usiiache juani ndani ya gari, maana kwa jua la Voi itapinda. Mtoto anayeota meno abadilishiwe mara kwa mara. Anayebanwa kifua hata bila kinga akapimwe pumu. Jino la ukubwani likichomoka, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi, lirudishe mahali pake au litie kwenye maziwa, na ukimbilie hospitali ndani ya saa moja.

Nanyi makocha, kuanzia Taveta hadi Wundanyi: kabla ya mechi, wapangeni vijana mstari, kinga mdomoni, kisha waambieni wapanue midomo. Ya yeyote itakayodondoka, asiingie nayo uwanjani.