Pini ndogo yaweza kuokoa malipo ya msimu

KABUNGU, Katavi: Msimu wa kuuza tumbaku unapofika, kila robota linalopimwa hutoa karatasi. Mkulima huchukua yake, chama cha msingi hubaki na nakala, na fedha huja baadaye. Siku ya malipo ikiwa na utata, karatasi ndiyo shahidi. Asiyekuwa nayo hubaki na maneno matupu, na wenye biashara husema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndiyo maana wiki hii tunaangalia bidhaa ambayo mnunuzi huichukua dukani bila kuifikiria: vibanio vya karatasi.

Inayotumika zaidi ni pini ya stepla. Saizi zilizozoeleka ni Na. 10 na 24/6. Katika hiyo ya pili, 24 ni kipimo cha unene wa waya na 6 ni urefu wa miguu kwa milimita. Na. 10 ni ya karatasi chache. 24/6 hubana 20 hivi bila taabu. Pini za 24/6 haziingii kwenye stepla ya Na. 10, hivyo mwenye duka amuulize mteja ana stepla gani kabla ya kumfungia. Boksi la pini 1,000 likiuzwa, kwa mfano, Sh 1,500, pini moja ni shilingi moja na nusu.

Kasoro yake ni kutu. Karatasi zikikaa msimu mzima wa mvua kwenye chumba chenye unyevu, pini huacha doa la kahawia na karatasi hukatika palepale.

Klipu haitoboi karatasi. Umbo lake la kawaida, liitwalo Gem, lilikuwapo tangu karne ya 19, na mwaka 1899 Mmarekani William Middlebrook alipata hataza ya mashine ya kulitengeneza. Inafaa kwa karatasi zitakazotenganishwa leo au kesho. Kwa kumbukumbu ni hatari: huchomoka, na wakati mwingine hunasa karatasi ya mtu mwingine.

Kwa faili la kudumu, tagi ni bora. Ni uzi mfupi wenye kipande cha chuma au plastiki kila ncha. Toboa kwa panchi, pitisha, na mwakani utaongeza karatasi bila kuharibu za zamani.

Asiye na panchi ana sindano. Uzi wa pamba ukishonwa mishono mitatu ubavuni mwa karatasi haupati kutu. Shazia ya magunia pia hufanya kazi hiyo, ila hutoboa matundu makubwa. Mpira wa kufungia usiutegemee; joto huukausha ukakatika. Gundi ya unga nayo huita mende.

Makarani wa maghala wana tahadhari ya ziada. Pini au klipu ikidondoka ndani ya tumbaku huhesabiwa kuwa uchafu, sawa na plastiki, na robota laweza kukataliwa sokoni. Stepla ikae mezani, mbali na mizani.

Wenye maduka wana tatizo lao. Risiti nyingi za mashine za EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto na mwanga. Hapo hata kibanio bora hakisaidii: toa fotokopi, kisha ubane zote mbili pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano.

Ushauri wetu kwa wiki hii: pini kwa karatasi za mwezi, klipu kwa za leo, tagi au uzi kwa zile zinazobeba fedha zako. Anayekwenda Mpanda mjini kununua bidhaa aongeze pakiti moja ya tagi kwenye orodha.